Kaka yangu mwenye usonji amenyamaza: usonji umezidi, au amepata maradhi ya akili?

Swali hili limeletwa na dada mmoja wa Wete, Pemba. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake:

"Bi Daktari, shikamoo. Kaka yangu ana miaka 31. Tokea mdogo alikuwa vyengine, kusema alichelewa, na daktari mmoja aliwahi kutwambia ni usonji. Skuli alifika kidato cha nne. Nyumbani alikuwa ndiye anayeandika pishi za wachumaji wa karafuu, hakosei hata moja, na saa za meli zote alizijua kwa moyo. Mama ndiye aliyemfahamu. Mama katangulia mbele ya haki mwaka jana, kaka mkubwa akamchukua Unguja kwake Michenzani, akamtafutia kazi duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe. Miezi minane akafanya vizuri mpaka watu wakasema kapona. Sasa ni wiki ya saba haendi kazini. Hasemi ila neno moja moja, mchana analala na usiku yu macho, kuoga mpaka abembelezwe, anajiuma mkono, na habari za meli hazitaji tena. Kaka mkubwa anasema ni uvivu. Ami anasema ni pepo, anataka apungwe. Wifi anasema tumpeleke Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, na mie jina hilo naliogopa. Je, usonji umezidi, au kapata wazimu? Na mie nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yenu na awape nyinyi subira.

Nianze na jibu. Usonji (kwa Kiingereza autism) hauzidi ghafla kwa mtu wa miaka 31. Mtu huzaliwa nao akaishi nao, na sura yake kwa kaka yako mnaijua tokea utotoni. Wala usonji si wazimu. Wifi yako si wa kulaumiwa akichanganya, maana hata madaktari walichanganya kwa muda mrefu: ni mwaka 1980 tu ambapo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoutenga rasmi usonji na skizofrenia ya utotoni (skizofrenia ni maradhi ambayo mtu huweza kusikia au kuamini visivyokuwepo). Usonji ni namna ubongo ulivyojengeka. Maradhi ya akili ni kitu kingine, humjia mtu yeyote, na mwenye usonji humjia mara nyingi zaidi. Mwaka 2019 watafiti walijumlisha tafiti nyingi za watu wazima wenye usonji wakakuta kwamba katika kila 100, kiasi cha 42 waliwahi kupata maradhi ya wasiwasi maishani mwao, na kiasi cha 37 waliwahi kupata sonona, yaani huzuni ya maradhi isiyomwachia mtu.

Kwa uliyoniandikia naona mtu aliyebebeshwa mzigo mkubwa kwa miezi mingi, mwenye msiba ambao haujapata pa kutokea, na pengine sonona imeshamkalia. Yote hayo yana msaada. Lakini yapo mambo matatu ya kuangaliwa wiki hii hii kabla ya mengine, na nitayafikia.

Kwanza nikuoneshe kosa ambalo wote watatu wanaobishana nyumbani kwenu wanalifanya. Kaka mkubwa anamlinganisha na wanaume wengine wa umri wake, anaona uvivu. Ami yako anamlinganisha na watu waliopandwa aliowaona zamani, anaona pepo. Wifi anamlinganisha na wagonjwa aliowasikia wakisimuliwa, anaona wazimu. Hakuna aliyemlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Wewe umefanya hivyo, labda bila kujua, pale ulipoandika kwamba habari za meli hazitaji tena. Mie niliposoma nilisimama hapo hapo. Kusema kidogo ni kawaida yake, na kutokutazama mtu usoni naamini pia ni kawaida yake. Hayo si maradhi na hayahitaji dawa. Lakini mtu mwenye usonji akikiacha kitu alichokipenda miaka yote, hiyo ni ishara nzito kuliko machozi. Uso wake huenda usioneshe huzuni kabisa. Huzuni yake utaiona kwenye usingizi, kwenye chakula, kwenye mkono anaouuma, na kwenye meli ambazo yeye haulizii tena.

Kwa hiyo chukua daftari leo. Upande mmoja andika alivyokuwa mama alipokuwa hai: alilala saa ngapi, alikula nini, alisema maneno mangapi na kwa nani, alicheka kwa jambo gani. Upande wa pili andika alivyo sasa, na kila badiliko ulipe tarehe kadiri unavyokumbuka. Karatasi hiyo itakuwa na kazi kubwa mbele ya safari.

Sasa hayo mambo matatu.

La kwanza ni mwili. Watu wengi wenye usonji hawazitambui vizuri taarifa za ndani ya miili yao, na wengi pia hawana maneno ya kutaja wanachohisi; hali hiyo ya pili wataalamu huiita aleksithimia, na takribani nusu ya watu wenye usonji wanayo. Kwa hiyo maumivu hayaji na "naumwa". Yanakuja na mkono kuumwa na meno. Nakumbuka kijana mmoja aliyepiga kichwa ukutani siku tisa mfululizo. Alipopelekwa kutibiwa alirudishwa nyumbani na dawa za usingizi mara mbili, kwa sababu kila aliyemwona alisema "ndivyo walivyo". Lilikuwa jino la nyuma limeoza hadi kwenye mzizi. Jino liling'olewa asubuhi, na jioni ya siku hiyo kichwa kikatulia. Tokea hapo mtu mwenye usonji aliyebadilika akiletwa kwangu, kitu cha kwanza ninachotaka kitazamwe ni kinywa. Kisha masikio, tumbo (kufunga choo ni jambo la kawaida sana kwao), mkojo, homa, na uzito. Uliza pia kama usiku ameonekana akitetemeka, kujing'ata ulimi au kukojoa kitandani, kwa sababu kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine na kinaweza kuanza ukubwani. Hayo yote yanaweza kuanza kuangaliwa katika kituo cha afya cha hapo karibu, kwa daktari au muuguzi yeyote mwenye subira.

La pili ni kuganda. Mwangalie namna anavyotembea. Je, anasimama mlangoni dakika nyingi kama anayeshindwa kuvuka? Ananyanyua kijiko kikabaki hewani? Kuvaa shati kulikokuwa kwa dakika moja sasa kunachukua nusu saa? Ukimweka mkono mahali unabaki pale pale? Hali hii inaitwa katatonia. Huwapata baadhi ya watu wenye usonji, mara nyingi katika ujana au utu uzima wa mwanzo, na mara nyingi baada ya msiba au badiliko kubwa. Watu huona ni ukaidi, au ni uvivu kama asemavyo kaka mkubwa. Ina tiba, na tiba yake ni ya hospitali. Ukiona ishara hizo, na khasa ikiwa ameacha kula au kunywa maji, usingoje siku ya miadi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

La tatu ni gumu kusema, lakini siwezi kulipita. Muulize kama anafikiria kufa. Najua kwetu kulitaja jambo hilo ni kama kumwombea mtu mabaya, na wengine huogopa kwamba kuuliza ni kumfundisha. Sivyo. Kumuuliza mtu hakumpandikizii fikra hiyo, na mara nyingi humtua mzigo. Na watu wazima wenye usonji wako katika hatari ya kujiua kubwa zaidi kuliko watu wengine, tena hata wale wanaoonekana wanajimudu. Usimuulize kwa mafumbo. "Umeichoka dunia?" hatajua unamaanisha nini. Muulize wazi: "Je, unafikiria kufa? Je, unafikiria kujiua? Jibu ndiyo au hapana." Kama kusema kunamshinda, andika kwenye karatasi umpe kalamu, aweke alama. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, msimkasirikie wala msimhutubie kuhusu dhambi, na afikishwe hospitali siku hiyo. Hata akijibu hapana, dawa za kilimo na vidonge vyote vya nyumbani vifungiwe, ufunguo ukae na mtu mmoja.

Yakishaangaliwa hayo matatu, turudi kwenye ile miezi minane aliyosemwa kapona.

Hebu fikiri kazi ya duka la Mwanakwerekwe. Mtu wa kwetu haingii dukani akasema "nipe misumari". Ataanza salamu, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, joto la leo vipi. Sie tunajibu huku tunawaza mengine. Kaka yako kila jibu analitafuta, kila uso anaukadiria: nimtazame kwa muda gani, nicheke sasa au nisubiri, huyu anatania au amekasirika. Kisha mteja anataja bei yake, anaambiwa haiwezekani, anasema "basi mie naondoka", na haondoki. Kwa mtu anayeyachukua maneno kama yalivyo, hilo ni fumbo jipya kila baada ya dakika tano. Ongeza mashine ya kukatia vyuma, honi za bodaboda, na jua la kwenye mabati. Jioni anarejea Michenzani ambako ukuta mmoja unaitenga nyumba na redio ya jirani. Hakuna saa moja ya ukimya katika siku nzima. Na aliyemzoea ameshazikwa Pemba.

Aliweza vipi miezi minane? Kwa kujificha. Alijifunza kuigiza mtu ambaye haoni taabu. Watu wazima wengi wenye usonji wanalifanya hilo kwa ustadi mkubwa, wanawake pengine zaidi, na ndiyo sababu wengi wao hawajulikani mpaka waanguke. Tafiti zimekuta kwamba wanaojificha sana ndio wanaoandamwa zaidi na sonona na fikra za kujiua. Naelewa mlivyofurahi mliposikia kapona. Mimi leo nikisikia familia inasema hivyo kuhusu mtu mzima mwenye usonji, huuliza mara moja: analala saa ngapi?

Mwaka 2020 Dora Raymaker, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, alichapisha pamoja na wenzake kazi waliyoifanya kwa kuwasikiliza watu wazima wenye usonji wakielezea kuanguka kwa namna hii. Walikuta mambo matatu yakijirudia: uchovu mzito usioondoka kwa kulala, ambao kwa kawaida hudumu miezi mitatu au zaidi, kupotea kwa uwezo ambao mtu alikuwa nao, kama kusema, kupika au kujiogesha, na kushindwa kuvumilia sauti, mwanga na watu aliowavumilia kabla. Soma tena barua yako uone ni mangapi umeyataja. Uchovu huu unaweza kufanana na sonona na unaweza kwenda nayo pamoja. Tofauti moja ina maana kwenu: mtu mwenye sonona mara nyingi tunamhimiza atoke, akae na watu, ajishughulishe. Mwenye uchovu wa usonji ukimhimiza hivyo unamzidishia kile kile kilichomwangusha. Ndiyo maana dawa ya kaka mkubwa, "amka uende kazini", ingawa ina nia njema, imemrudisha nyuma.

Na msiba je? Huenda siku ya maziko hakulia, akauliza hitima itamalizika saa ngapi, na watu wakanong'ona. Nimeyaona hayo mara nyingi. Mtu mwenye usonji anaweza kukawia miezi kabla huzuni haijamfikia, na ikimfika haiji na sura tunayoijua. Tena yeye hakupoteza mama peke yake. Alipoteza mtu aliyekuwa mfasiri wake, aliyejua kwamba akizungusha kikombe mara tatu maana yake kelele zimemzidi. Kisha ndani ya muda mfupi akapoteza chumba, njia ya kwenda bandarini, sauti za Wete, na karafuu.

Karafuu zinanikumbusha Donald Triplett, nami nataka ami yako na kaka mkubwa wasomewe habari zake. Alizaliwa mwaka 1933 Mississippi, Marekani, na ndiye mtoto wa kwanza katika ile makala ya daktari Leo Kanner ya mwaka 1943 iliyouelezea usonji. Akiwa mdogo sana alipelekwa kuishi kwenye taasisi mbali na nyumbani, wazazi wakaja kumtoa. Baadaye alikaa shambani kwa mke na mume waliokuwa wakulima, na Kanner alipokwenda kuwatembelea alishangaa. Mtoto alikuwa hawezi kuacha kupima vitu, wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi tena na tena, basi wakamwacha aihesabu huku anailima. Alisoma, akafanya kazi benki miaka mingi katika mji wake, aliendesha gari, alisafiri, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Hakupona usonji. Aliishi mahali ambapo watu walimzoea na hesabu zake zilikuwa na kazi.

Mama yenu, bila kusomea popote, alifanya kile kile walichofanya wakulima wale. Alimpa kijana anayependa hesabu daftari la pishi.

Kuhusu Kidongo Chekundu. Ni hospitali, mwanangu, ina madaktari na wauguzi waliosomea maradhi ya akili, na hofu yako nadhani imetokana na namna tulivyolitumia jina hilo kutukanana tokea utotoni. Kwenda kuonwa na kurudi nyumbani si sawa na kulazwa. Pemba pia mnaweza kuanzia hospitali ya Wete au ya Chake Chake mkaelekezwa. Lakini nendeni mkiwa tayari, kwa sababu mtu mwenye usonji anaweza kueleweka vibaya hata mbele ya daktari mzuri. Nitakwambia kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimuuliza mtu mmoja swali tunalowauliza wote: "Unasikia sauti?" Akasema ndiyo. Nikaanza kuandika. Muuguzi aliyekuwa pembeni ndiye aliyemuuliza, "Sauti za nani?" Akajibu: "Yako, na ya daktari, na ya pangaboi." Nilikuwa karibu kumpa mtu dawa ya maradhi asiyokuwa nayo, kwa sababu swali langu lilikuwa bovu.

Basi ile karatasi ya safu mbili mpe daktari mkononi kabla hajaanza kuuliza. Juu yake andika kwa herufi kubwa kwamba ana usonji, kwamba huyachukua maneno kama yalivyo, kwamba anahitaji muda kujibu, na mambo yanayomuumiza, kwa mfano kuguswa bila kuambiwa. Ombeni muonwe mapema asubuhi kabla ya msongamano, au asubiri nje kwenye kivuli mpaka jina litajwe. Nenda wewe unayemjua, usimtume mtu.

Dawa ya usonji wenyewe haipo, na atakayewauzia anawaibia. Dawa za sonona na za wasiwasi zipo na zinaweza kumsaidia. Mwambieni daktari aanze na kipimo kidogo na apandishe pole pole, kwa kuwa baadhi ya watu wenye usonji huyapata madhara ya dawa mapema na kwa ukali. Akipewa dawa zinazotumika kwa skizofrenia, ulizeni ni kwa ajili ya nini na kwa muda gani, na mwangalie kama misuli inakakamaa, mate yanatoka au hawezi kutulia kitini. Ukiona hivyo rudini hospitali. Msizikatishe wenyewe kwa ghafla.

Ami yako anampenda, na usimvunjie heshima kwa kubishana naye kuhusu majini. Zungumza naye kuhusu kelele. Mwambie: kijana huyu sauti zinamuumiza kama mwengine anavyoumizwa na moto, ngoma na moshi wa ubani na watu kumzunguka vitamzidishia. Kama ni kusomewa Qur'ani, asomewe na ami mwenyewe, kwa sauti ndogo, chumbani, muda mfupi, baada ya kuulizwa na kukubali. Wengine hutulia sana kwa kisomo chenye mwendo ule ule kila siku. Ambacho hatukubaliani nacho ni kumpiga, kumfunga, kumnyima chakula, au kumkataza dawa. Hapo usiogope kusimama imara, na ikibidi mhusishe sheha.

Na kabla hajatokea wa kusema "mwozeni atatulia", naomba mapema mlifunge jambo hilo. Watu wengi wenye usonji wameoa na kuolewa wakaishi vizuri. Lakini ndoa haitibu sonona, na bibi harusi si muuguzi.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kumuuliza anataka kuwa wapi. Mpe maneno mawili kwenye karatasi: Wete, Unguja. Akichagua Wete, mrudisheni, na msimwambie ni kushindwa. Mwambieni safari siku kadhaa kabla: siku, saa, meli gani, atakaa wapi, nani atampokea. Mtafutieni vizibo vya masikio kwa ajili ya injini na watu. Akifika, chumba kile kile, sahani ile ile, saa zile zile za kula. Wageni wanaokuja kumpa pole wapokewe barazani, naye asiitwe. Kama anajitikisa au anazungusha kitu mkononi, mwacheni, anajituliza. Maneno yakimshinda tumianeni ujumbe wa simu hata kama mko nyumba moja. Maswali yawe mafupi na yenye majibu mawili. "Unajisikiaje?" ni swali zito kwake. "Kichwa kinauma, ndiyo au hapana?" linajibika.

Usingizi ushughulikieni kwanza kuliko kuoga na kuliko kazi. Na Ramadhani ikikaribia panga mapema, kwa sababu mwezi ule unapindua saa zote za kula na kulala. Kama yuko kwenye dawa, muulizeni daktari wiki kadhaa kabla namna ya kuzipanga au kama afunge kabisa, kisha mzungumze na sheikh mnayemwamini. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na kijana anayeishika sheria neno kwa neno anahitaji kuisikia ruhusa hiyo kwa mtu mwenye elimu, si kwako wewe tu.

Kazi iachwe kwa sasa. Msimpe tarehe ya kurudi, hesabuni kwa miezi. Siku ikifika, kaka mkubwa azungumze na mwenye duka: stoo ya nyuma badala ya mbele kwa wateja, nusu siku, kuhesabu mali iliyoingia na iliyotoka. Mwenye duka atapata mtu asiyekosea hesabu. Au msimu wa karafuu ukija, daftari la pishi lirudi mkononi mwake kama mwenyewe anataka, majamvini, asubuhi, kabla wachumaji hawajawa wengi.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilifikirii ni kumkutanisha na mtu mzima mwengine mwenye usonji. Kuna jaribio lililofanywa Uingereza, likachapishwa mwaka 2020, ambamo hadithi ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu. Walipokuwa wote wana usonji, hadithi ilifika vizuri kama ilivyofika kwa kundi ambalo hakuna mwenye usonji. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Yaani hawakosi uwezo wa kuelewana, na ugumu unaotokea pale sie na wao tunapokutana, sehemu yake ni yetu. Jumuiya za watu wenye ulemavu zipo Unguja na Pemba, ulizia kwao nani mwengine yupo. Hata mmoja anatosha, hata wakitumiana picha za meli tu kwa simu.

Nawe umebeba mambo ambayo alikuwa anayabeba mama, na bado wewe mwenyewe una msiba. Usikubali yote yakae mabegani mwako kwa sababu wewe ni mwanamke na uko Wete. Kaka mkubwa achukue gharama za hospitali na mazungumzo na mwenye duka, ami awe na kisomo chake cha jioni, wifi aandike daftari siku ambazo hayuko nawe. Kaeni mgawane hayo kwa majina na siku.

Anza kesho na kinywa na masikio yake; kama wewe bado uko Wete naye yuko Unguja, wifi akufanyie haya. Na jioni, ukipata saa ya meli ya kesho yake, iandike kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la chombo, ukiweke karibu na sahani yake kisha uondoke. Usimuulize kama amesoma. Fanya hivyo kila siku kwa saa ile ile, na kwenye daftari andika siku utakayokuta karatasi imehamishwa, au saa uliyokosea imesahihishwa.